Mvinyo mweupe wa pipani: shajara ya safari ya Bourgogne

Jumapili, Paris hadi Dijon

Treni ya kasi kutoka stesheni ya Gare de Lyon hadi Dijon huchukua kama saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya njia hakuna cha kutazama ila mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa na ng'ombe weupe waliolala. Dada na mumewe walikuja kunipokea. Wanaishi Dijon siku nyingi. Shemeji ni mtu wa Tanga, seremala, anatengeneza ngazi na madirisha ya nyumba za kale.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia vinywaji katika hoteli moja ya ufukweni Zanzibar. Kwenye orodha yetu ipo Meursault, mvinyo mweupe wa mkoa wa Bourgogne, Ufaransa, uliokaa kwenye pipa la mwaloni, na hakuna chupa inayoleta ubishi mezani kuliko hiyo. Wapo wageni wanaonyamaza wakishaonja, na wapo wanaosukuma glasi pembeni wakisema wanakunywa mbao. Siku zote huwajibu kwa maneno ya semina, yale ya siagi na njugu na vanila. Nimechoka kukariri. Nimekuja kuona kwa macho yangu nini ndani ya glasi ile kimetoka ardhini na nini kimetoka kwa seremala.

Shemeji hanywi pombe, hajawahi kunywa. Nilidhani ataniachia funguo za gari na kunitakia heri. "Hapana shemeji," akasema, "nitaendesha mimi, wewe utaonja. Mimi nitanusa. Kunusa hakujakatazwa."

Jumatatu, kwa mafundi wa mapipa

Karakana iko nje kidogo ya Beaune, mji ulio kusini mwa Dijon kwa mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Kabla hujaufikia mlango unapita uwanja wa mbao. Zimepangwa kwa marundo yanayompita mtu kimo, zimeachiana nafasi ili hewa ipite, na juu hakuna hata turubai. Shemeji alisimama akazitazama kwa uchungu. Kwao Tanga, fundi akiacha mbao nje namna hii wateja wanahama.

Msimamizi akatuambia ndivyo inavyotakiwa. Mbao hukaa hapo miaka miwili, nyingine mitatu. Mvua inaziosha, jua linazikausha, kuvu wanafanya kazi yao polepole. Mwaloni mbichi una ukakasi mkali unaofunga ulimi, na ukakasi huo lazima uoshwe. Ukizikausha kwa tanuri utaondoa maji, lakini ukakasi utabaki palepale.

Magogo yanatoka misitu mbalimbali ya Ufaransa, na jina linalotajwa kwa heshima zaidi ni Tronçais, msitu wa mkoa wa Allier. Katika karne ya 17, Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV, aliuweka chini ya uangalizi ili baadaye upatikane mwaloni wa kuundia meli za vita. Miti ilisongamana, ikagombea mwanga, ikarefuka wima bila matawi ya chini, na kwa kuwa ilikua polepole, pete zake zikakaribiana. Meli zikaja kuwa za chuma. Mialoni ikabaki, na watengeneza mapipa wakaikuta imeiva.

Gogo la mwaloni wa Ufaransa haliingizwi kwenye msumeno hivihivi. Kwanza linapasuliwa, kabari ikifuata uzi wa mti. Mti huu una mishipa ya kupitishia maji, na msumeno ukiikata kishazari, mvinyo utavuja humo. Mwaloni mweupe wa Marekani mishipa yake imejiziba yenyewe, kwa hiyo wenzao wa huko wanachana kwa msumeno na kuokoa sehemu kubwa ya gogo. Hapa, robo ya gogo ikipatikana kuwa mbao za pipa, fundi anashukuru. Nyingine inakuwa kuni. Hapo shemeji alikuwa ameshatoa kidaftari.

Ndani kuna moshi na kelele za nyundo. Fundi anachukua mbao thelathini hivi, zenye upana usiolingana, anazisimamisha moja moja ndani ya pete ya chuma mpaka mduara ujae. Juu zimebanwa, chini zimetawanyika. Kisha anaziweka juu ya moto wa vipande vya mwaloni, anazilowesha kwa tambara, na joto likishazilegeza anazizungushia waya wa kukaza. Zinajikunja zenyewe, zinakutana, pete ya pili inashuka. Shemeji akapitisha ukucha kwenye maungio. Haukuingia. "Gundi?" akauliza. Gundi hakuna. Ubao mmoja mmoja umerandwa kingo kwa pembe inayofanana na ya jirani yake, na unyevu wa mvinyo ndio utakaovimbisha mbao na kuziba kilichobaki. Kwenye kifuniko, kati ya ubao na ubao, wanalaza utete mkavu wa mtoni, na ufito wa pembeni wanaupaka uji mzito wa unga na maji. Shemeji aliomba fundi ayarudie maelezo hayo ya unga, kisha akaandika tena.

Baada ya kukunjwa, pipa linarudi motoni, safari hii kwa ajili ya ladha. Moto unabadilisha sukari na mbao za ndani: hutoka harufu ya vanila, ya karafuu, ya lozi, na ukizidisha, ya moshi na kahawa. Wateja wa mvinyo mweupe, alisema msimamizi, wengi wanaagiza moto mdogo wa muda mrefu. Akatualika tuinamishe vichwa ndani ya pipa lililotoka kuchomwa. Nikapata vanila na lozi, yale yale ya semina. Shemeji akainuka akasema, "Mkate." Akainama tena. "Mkate uliotoka sasa hivi, na ukoko wake."

Pipa la Bourgogne linabeba lita 228, sawa na chupa mia tatu hivi, na jipya linakaribia yuro 900. Fanya hesabu: karibu yuro 3 kwa kila chupa kabla hujanunua zabibu hata moja. Na ladha ya mbao hupungua haraka. Pipa likishatumika mara tatu au nne, halitoi harufu ya maana tena. Linabaki kuwa chombo kinachopumua kidogo.

Jumanne, Beaune

Mvua asubuhi, kwa hiyo tukaingia Hôtel-Dieu pamoja na watalii wengine wote. Ni hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, kansela wa mtawala wa Bourgogne, pamoja na mkewe Guigone de Salins, wakati nchi imechakazwa na vita na njaa. Paa lake la vigae vya rangi limo kwenye kila kadi ya posta. Wagonjwa waliendelea kulazwa humo hadi mwaka 1971. Kuna mchoro mkubwa wa Rogier van der Weyden wa Siku ya Hukumu, malaika Mikaeli akipima roho za watu kwenye mizani, na shemeji alikaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kilichonileta mimi ni mashamba. Kwa karne nyingi watu walioiusia hospitali hii mali waliiachia mizabibu, na leo inamiliki hekta 60 hivi. Tangu mwaka 1859 mvinyo wake unapigwa mnada, siku hizi Jumapili ya tatu ya Novemba, na mapato yanakwenda kwenye hospitali. Mnunuzi hanunui chupa. Ananunua pipa la mvinyo uliovunwa Septemba ileile, ungali mchanga na haujatulia, kisha analipeleka kwake kuulea mwaka mmoja au zaidi. Wafaransa wa hapa wanazungumzia malezi ya mvinyo bila utani wowote. Mtu anaweza kununua mapipa mawili kutoka shamba moja, akayapeleka kwenye maghala mawili, na mwisho akapata vinywaji visivyofanana.

Mchana hapakuwa na jipya. Tulikula, dada akanunua haradali.

Jumatano, Meursault

Hii ndiyo siku niliyoisafiria.

Tulifika kijijini kabla jua halijapanda. Meursault ina ofisi ya kijiji yenye paa la vigae vya rangi na kanisa lenye mnara mrefu uliochongoka, na nje ya nyumba kuna mizabibu hadi ukutani. Mavuno yalikuwa yanaendelea: wanafunzi, wastaafu, vijana kutoka Ulaya ya Mashariki, kila mmoja na mkasi. Mwenyeji wetu, mkulima wa makamo anayefahamiana na shemeji kwa sababu alimtengenezea ngazi ya ghalani, alinipa mkasi bila kuuliza.

Mizabibu ya hapa ni mifupi. Vishada viko usawa wa goti. Miche inapandwa karibu sana, kwa kawaida elfu kumi kwa hekta, takriban mche mmoja kila mita ya mraba. Nimewahi kutembelea mashamba ya Dodoma, ambako hali ya hewa inaruhusu kuvuna mara mbili kwa mwaka, mradi mkulima ajue lini apogoe. Hapa ni mara moja, na hiyo mara moja inaweza kupotea usiku mmoja. Aprili 2021, mwenyeji alisema, machipukizi yalikuwa yametoka mapema, ikaja jalidi. Chardonnay, zabibu nyeupe ya hapa, huwahi kuchipua kuliko zabibu nyekundu, Pinot Noir, kwa hiyo ndiyo iliyoungua zaidi. Watu walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari. Alinionyesha makopo ya mishumaa yamepangwa bandani, yamejaa, yanangoja Aprili nyingine.

Chardonnay yenyewe ni mtoto wa ndoa ya ajabu. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha mzazi mmoja ni Pinot, zabibu ya watawala, na mwingine ni Gouais Blanc, zabibu ya wakulima maskini iliyodharauliwa kiasi cha kupigwa marufuku sehemu nyingine. Wazazi hawa wawili walipandwa jirani, upepo ukafanya yake. Na mche wowote unaouona leo una mguu wa kigeni: mdudu wa filoksera kutoka Amerika alifika Meursault mwaka 1878, akala mizizi, na dawa iliyofaa mwisho wa yote ilikuwa kubebesha mzabibu wa Ufaransa juu ya shina la Kimarekani.

Baada ya saa mbili mgongo ulikuwa hauninyooki. Tukafuata trekta hadi uani.

Vishada vinaingia kwenye mashine ya kukamulia vikiwa vizima, na vikonyo vyake. Ndani ya mashine kuna puto linalojaa hewa polepole na kusukuma zabibu ukutani. Vikonyo vinaacha njia za maji kupita. Maji yanatoka machafu, ya kahawia, na nilishangaa kuona hakuna anayehangaika. Mwenyeji anayaacha makusudi yakutane na hewa sasa, maana kitakachoharibika na hewa kitaharibika leo na kuzama, badala ya kuharibika ndani ya chupa miaka sita baadaye. Yanalala usiku mmoja kwenye tangi, matope yanazama, kisha yanashushwa mapipani.

Na hapa ndipo palipokuwa na fundo lisilofunguka kwangu tangu semina. Nilikuwa nikisema kwamba mvinyo "huhifadhiwa" kwenye pipa, yaani umeshakuwa mvinyo ndipo ukawekwa. Hapa maji ya zabibu yanachachukia humo humo pipani. Chachu zinafanya kazi zikiwa zimeshikana na ubao, na katika kula sukari zinakamata pia sehemu ya vanila ya mbao na kuigeuza kitu kingine kisicho na harufu kali. Zikishakufa zinatua chini, zinakuwa mashapo, na mvinyo unakaa juu ya mashapo hayo mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana mvinyo uliochachukia pipani unakuwa na mbao kidogo kuliko ule uliochachukia kwenye chuma kisha ukatiwa kwenye pipa jipya. Inaonekana kinyume, lakini pua inakubali.

Wakati wa baridi au majira ya kuchipua, bakteria wanageuza tindikali ya tofaa, ile kali ya tunda bichi, kuwa tindikali ya maziwa iliyo pole. Hapo ndipo siagi inapozaliwa. Kwa hiyo siagi si ya mwaloni hata chembe. Nimewadanganya wageni wengi. Zamani walikuwa wakikoroga mashapo kwa fimbo kila wiki ili mvinyo unenepe. Mwenyeji amepunguza sana. Miaka ya katikati ya 1990 na kuendelea, chupa nyingi za mvinyo mweupe wa Bourgogne, zikiwemo za bei mbaya, zilianza kuzeeka kabla ya wakati, zikageuka za dhahabu iliyokolea na harufu ya tofaa lililooza. Sababu zilitajwa nyingi, vizibo, mashine, kukoroga kupita kiasi, na kila mkulima akabadilisha kitu.

Ghalani, chini ya ardhi, mavuno ya mwaka uliopita yalikuwa bado mapipani. Mwenyeji alichovya bomba la kioo kwenye mapipa mawili ya shamba moja, yaliyovunwa siku moja: pipa moja jipya, jingine la miaka mingi. Nilitema kwenye mfereji wa sakafuni kama tulivyofundishwa kazini. Shemeji alinishika mkono. "Unatema mali ya watu?" Nikamweleza. Hakuridhika.

Pipa jipya lilikuwa na kila kitu ambacho mgeni wa hoteli hukilalamikia. Mkate, vanila, kiungo tamu, na nyuma yake tunda likiwa limejificha. Pipa la zamani lilikuwa na ndimu, njugu mbichi, na kitu cha chumvi kwenye kingo za ulimi. La kwanza lilinifurahisha haraka, la pili lilinifanya nirudie. Kisha akachanganya glasi mbili, sehemu moja ya jipya kwa nne za zamani, kipimo anachotumia mwenyewe, na nikashindwa kuiona mbao. Niliona tu kwamba mvinyo umepata mabega.

Shemeji alinusa glasi zote. Tulimfungisha macho, tukampa tena na tena, hakukosea pipa jipya. "Hii ni ya Jumatatu," alikuwa akisema. Kwenye ya zamani akasema anasikia kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Mwenyeji akacheka kwa furaha, kwa sababu hiyo ndiyo harufu wanayoitafuta vijana wa siku hizi, na haitoki kwenye moto wa fundi. Inatoka kwenye mashapo, mvinyo ukikosa hewa. Mchanganyiko alipounusa, akatoa hukumu ambayo nimeichukua kwa kazi: mwaloni ni iliki ya chai, ukiisikia kabla ya chai yenyewe, mpishi amezidisha.

Alhamisi, Puligny na Chassagne kwa baiskeli

Kuna njia ya baiskeli inayotoka Beaune kupita katikati ya mizabibu hadi Santenay. Dada alikuja, shemeji akabaki na kazi yake.

Ukiwa juu ya baiskeli unaujua mteremko kwa mapaja. Eneo hili lote la Côte d'Or ni ukanda mwembamba wa kilomita 50 hivi, unaotazama mashariki jua linakochomoza. Kilele chake ni msitu na mawe matupu. Bondeni ni udongo mzito, tambarare, wenye maji. Katikati ndipo penye mchanganyiko wa mawe ya chokaa na mfinyanzi wa kiasi, yaliyotuama chini ya bahari zama za Jurasiki, na hapo ndipo mizabibu ya thamani ilipo. Mvinyo wa bondeni unaandikwa jina la mkoa tu. Ukipanda kidogo unapata jina la kijiji, ukipanda zaidi daraja la kwanza, kisha daraja la juu kabisa, na ukipitiliza unashuka tena thamani. Tofauti ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Vipande hivi vina majina na mipaka ya karne nyingi. UNESCO ilipoviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015 ilihesabu 1,247. Watawa walianza kuvitofautisha. Wasitersia walianzisha nyumba yao Cîteaux, ng'ambo ya bonde, mwaka 1098, na walikuwa na kitu ambacho mkulima wa kawaida hana: muda usiokwisha na daftari la kurithishana. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya, mashamba yakauzwa, na sheria ya urithi ikayagawa sawa kwa watoto, kizazi baada ya kizazi. Leo mkulima mmoja ana mistari mitano hapa, kumi kule. Ardhi bado inahesabiwa kwa kipimo cha kale, ouvrée, eneo ambalo mtu mmoja aliweza kulilima kwa siku, mita za mraba 428 hivi.

Montrachet, shamba la daraja la juu kabisa, lina hekta 8, karibu nusu upande wa Puligny na nusu upande wa Chassagne. Vijiji vyote viwili vimejiunganishia jina lake. Puligny ilifanya hivyo mwaka 1879. Nilitarajia kitu, sijui nini. Ni shamba. Lina ukuta mfupi wa mawe, lango la mawe lenye jina, na mteremko mdogo kiasi kwamba mpira ungesita kabla ya kubingirika. Wamiliki ni zaidi ya kumi na watano. Ukoo wa Marquis de Laguiche una hekta 2 hivi, na Domaine de la Romanée-Conti ina chini ya hekta moja. Juu yake kuna Chevalier-Montrachet, penye udongo kiduchu na mawe mengi. Chini, ng'ambo ya kibarabara, kuna Bâtard-Montrachet, penye udongo mzito zaidi. Nilisimama barabarani, dada akinipiga picha, mguu mmoja ukielekea huku na mwingine kule. Zabibu ni ileile, mapipa yanatoka karakana zilezile, moto uleule. Chupa ya Montrachet inauzwa maradufu ya Bâtard, pengine zaidi, na sitajifanya kwamba tofauti yote hiyo imo kwenye glasi. Sehemu ni jina. Lakini ipo sehemu isiyo jina, na haikununuliwa kwa fundi yeyote.

Jambo dogo la Puligny: maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo ni vigumu kuchimba maghala ya kina. Mapipa mengi hukaa kwenye maghala ya juu ya ardhi au ya kina kifupi, ambako majira yanasikika zaidi kuliko Meursault. Meursault na Puligny zinapakana, na watu hueleza tofauti yao kwa udongo tu.

Ijumaa, kusini

Tulishuka hadi eneo la Mâcon kuona mwamba wa Solutré, jabali la chokaa linalosimama juu ya mizabibu ya Pouilly-Fuissé. Vipande 22 vya huko vilipandishwa kuwa daraja la kwanza mwaka 2020. Kijiji cha Chardonnay kipo pia, kidogo, kimetulia, na tulikipita. Joto ni zaidi, mvinyo ni mnene zaidi, na baadhi ya wakulima wanatumia mwaloni mpya kwa mkono mzito. Glasi moja niliyoonja ingenifaa kwa mgeni ninayetaka kumthibitishia kwamba analalamika kwa haki.

Jumamosi, Saint-Aubin

Nimemwuliza mwenyeji wa Meursault kwa simu: mtu asiye na pesa za Montrachet anywe nini? Akajibu bila kufikiri, Saint-Aubin. Ni kijiji kilichojificha kwenye bonde nyuma ya Puligny, penye baridi kidogo, ambako zamani zabibu zilishindwa kuiva vizuri miaka mingi. Sasa joto limeongezeka, mavuno ambayo zamani yalikuwa ya mwisho wa Septemba yanaangukia mwanzoni mwa mwezi, miaka mingine hata Agosti, na Saint-Aubin inaiva. Kipande chake kiitwacho En Remilly kinapakana na Chevalier-Montrachet. Ni mteremko uleule, umegeuka kidogo.

Mkulima wa kike aliyetupokea hanunui mapipa mapya zaidi ya machache kwa mwaka, na anapenda makubwa ya lita 500 kuliko ya 228, kwa sababu pipa likiwa kubwa mvinyo mwingi hauugusi ubao. Alinifungulia mbili za En Remilly, ya mavuno ya karibuni na nyingine yenye miaka minane. Changa ilikuwa na mkate mbele. Ile ya miaka minane haikuwa na mkate wowote. Ilikuwa na asali kidogo, njugu za kukaanga, chumvi, na ilibaki mdomoni nilipokuwa nimeshatoka nje. Mbao ni zilezile, ila zimekwisha kumezwa. Shida yetu ya Zanzibar ni kwamba tunafungua mtoto. Hoteli hainunui chupa ili ikae miaka, joto la ghala letu lenyewe halingeruhusu, na mgeni analipia mvinyo ambao bado haujamaliza mazungumzo na pipa lake. Nikirudi nitaomba tununue za miaka ya nyuma, hata zikiwa chache, na zile changa niwe nazimimina kwenye jagi mapema na kutozipoza kupita kiasi. Nyuzi 12 au 13 zinatosha.

Nilinunua chupa sita. Dada akaangalia begi langu, ambalo tayari limejaa haradali ya watu wa Unguja, akatoa mbili. Zimebaki Dijon, kwenye kabati ambalo shemeji amelitengeneza mwenyewe, naye amebandika karatasi mlangoni: zisifunguliwe kabla ya miaka mitano, na siku hiyo aitwe aje kunusa.